Mzee hana meno, uji peke yake hautoshi: jinsi ya kumlisha kwenye makazi ya wazee

Kuna kitu kinaniudhi sana. Nenda kwenye makazi ya wazee, uliza wale vibogoyo wanakula nini, jibu linakuja chapchap: "hao tunawapa uji". Asubuhi uji, mchana wali na mchuzi (mchuzi tu, nyama ni ya wenye meno), jioni uji tena au chai na mkate wa kuchovya. Baada ya miezi kadhaa nguo zinampwaya, anasinzia mchana kutwa, kidonda cha mgongoni hakifungi, halafu tunasema ah, uzee huo. Uzee gani, njaa hiyo.

Meno yakitoka mahitaji ya mwili hayatoki nayo. Mzee wa kilo 50 anahitaji kama kalori 1500 kwa siku, na protini gramu 50 hadi 60, yaani gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito, na hapo kwa kila kilo anahitaji protini nyingi kuliko kijana maana misuli yake inaisha haraka. Kilichobadilika ni umbo la chakula anachoweza kula, siyo kiasi wala aina. Hiyo ndo kazi yetu, kubadilisha umbo bila kumnyang'anya chakula.

Haya maelezo ni ya walezi na wapishi, uwe makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni au Sebleni na Welezo pale Unguja, uwe kwa masista, uwe kwenye hizi nyumba binafsi za Nairobi, na hata wewe uliyeko Marekani au Uingereza unapiga shifti za kulea wazee. Na siyo watu wachache tunaowazungumzia hapa, ripoti ya WHO ya 2022 ilisema watu wa miaka 60 kwenda juu duniani, kama asilimia 23 hawana hata jino moja. Hapo hujagusa wale wenye meno manne matano yanayocheza, ambao wakati mwingine wanateseka kuliko kibogoyo kamili maana kila wakitafuna linauma.

HATUA YA 1: Mfungue mdomo, usimuulize tu

Ukimuuliza mzee "unatafuna vizuri?" atakwambia vizuri tu mwanangu, hataki kukusumbua. Vaa glavu, washa tochi ya simu, muombe ruhusa kwa heshima ("shikamoo bibi, naomba nikuangalie kinywa kidogo"), kama ana meno ya bandia muombe ayatoe kwanza. Angalia meno yaliyobaki kama yanagusana juu na chini, maana mtu anaweza kuwa na meno manane yote ya juu na chini hana kitu, huyo kwa kutafuna ni kama hana. Angalia mizizi iliyokatikia ndani ya ufizi, usaha, fizi nyekundu chini ya meno ya bandia, utando mweupe kwenye ulimi, na kama ulimi umekauka unanatanata kwenye kidole.

Kidonda au uvimbe wowote mdomoni uliozidi wiki mbili bila kupona, au doa jekundu au jeupe lisilotoka, usisubiri, apelekwe kwa daktari wa meno. Hasa kama alikuwa anavuta au anatafuna tumbaku, saratani ya kinywa huanza kimya kimya hivyo hivyo.

Kwa mzee mwenye usahaulifu mkubwa ambaye hawezi kusema jino linauma, soma tabia. Anashika shavu, anageuza uso kijiko kikija, alikuwa anapenda chai ya moto sasa haitaki, anapiga kelele wakati wa kupigwa mswaki. Watu wanasema amekuwa mkorofi kumbe lina usaha.

HATUA YA 2: Mpime, uandike

Mzani wa bafuni unatosha. Mara moja kwa mwezi, nguo nyepesi, saa zile zile, mzani ule ule, kwenye daftari lenye ukurasa wa kila mzee. Hesabu ya kushika kichwani ni asilimia 5: mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya miezi mitatu hadi sita hiyo ni taa ya njano, akipungua kilo 6 (asilimia 10) hiyo ni nyekundu na anatakiwa aonwe na daktari, siyo kuongezewa uji.

Asiyeweza kusimama, mpime kigimbi, ile sehemu nene ya mguu chini ya goti, kwa futi ya fundi cherehani. Chini ya sentimita 31 ujue misuli imeisha na lishe haiko sawa. Kama miguu imevimba kipimo hicho kitakudanganya, na hata mzani utakudanganya kwa sababu maji yana uzito, kwa hiyo andika "amevimba" pembeni ya namba.

HATUA YA 3: Kaa mezani uangalie sahani

Hii ndo hatua wengi wanaruka na ndo inayosema ukweli kuliko zote. Siku moja usigawe chakula uondoke, kaa na wazee mpaka wamalize. Utaona mama mmoja ameweka nyama mdomoni, anaizungusha, anaihamisha shavu la kushoto, la kulia, anaifyonza mpaka inakuwa nyeupe kama uzi, halafu anageuka pembeni anaitema kwenye kona ya kanga na kuifunga fundo. Sahani inarudi jikoni tupu, mpishi anafurahi, daftari linaandikwa "amekula vyote". Nyama iko kwenye kanga.

Angalia anachoacha, angalia anachokula kwanza, angalia anachukua muda gani. Mtu bila meno anachukua muda mrefu, nusu saa na zaidi, na kama mnakusanya sahani baada ya dakika 15 kwa sababu shifti inaisha basi mmemnyang'anya nusu ya mlo. Angalia pia kama anaona haya. Kuna wazee hawali mbele za watu tangu meno yatoke, mzee wa watu alikuwa na hadhi yake mjini leo mchuzi unamchuruzika kidevuni, anaona bora aseme ameshiba. Huyo mkalishe meza ya pembeni na rafiki yake mmoja, mpe kitambaa cha kufutia mkononi mwake mwenyewe, usimvalishe bibu ya mtoto.

HATUA YA 4: Wagawe kwa wanachoweza, siyo kwa idadi ya meno

Kosa ni kumpanga kila kibogoyo kwenye uji. Fizi zilizokaa miaka bila meno zinakuwa ngumu, na mtu anaweza kuponda kwa fizi samaki, yai, ndizi, boga, maharage yaliyoiva. Kwa hiyo makundi yawe matatu hivi.

La kwanza ni chakula laini, cha kawaida ila kimeiva sana, kimekatwa vipande visivyozidi sentimita moja na nusu. Kipimo chake ni uma: kandamiza kipande kwa uma mpaka ukucha wa dole gumba uwe mweupe, kikipondeka na kisirudi umbo lake, kinafaa. La pili ni kilichosagwa au kupondwa kikawa punje ndogo ndogo ndani ya mchuzi mzito, punje zipite kwenye nafasi za meno ya uma, kama milimita 4. La tatu ni kilichosagwa kikawa rojo kabisa bila punje, kinakaa kwenye kijiko kama kilima, ukiinamisha kijiko kinadondoka chote kwa mpigo. Hili la tatu ni la wachache, wale wenye shida ya kumeza, mfano baada ya kiharusi.

Nyie mlioko Ulaya na Marekani mtaona nimefuata IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga ulaini wa chakula kwa wenye shida ya kumeza, hayo ni daraja la 6, la 5 na la 4. Huko daraja limeshaandikwa kwenye faili la mzee na mtaalamu wa kumeza, usilibadilishe kwa huruma yako hata akikuomba kipande cha chapati, toa taarifa kwanza. Huku kwetu mtaalamu wa kumeza ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo macho ya mlezi ndo yanafanya kazi kubwa.

HATUA YA 5: Jikoni sasa

Hapa ndo penye utamu. Habari njema ni kwamba vyakula vyetu vingi vilishapondwa kabla blenda haijazaliwa.

Mtori kwa mfano. Ni ndizi na nyama, umepondwa, una kila kitu, shida ni jinsi unavyogawiwa: ndizi zinapondwa, nyama inabaki mnofu juu, kibogoyo anakula ndizi nyama inarudi. Chemsha nyama ya mfupa mpaka inaachia yenyewe, toa mifupa yote (yote, hata vile vichembe), nyama itwange kwenye kinu ikiwa ya moto maana ikipoa inakaza, rudisha ndani ya mtori, koroga kwa mwiko. Hakuna atakayeitema. Watu wa pwani mna bokoboko, ngano na nyama inapigwa mpaka inavutika, ndugu zetu wa Oman wanaita harees, jamani hicho chakula ni kama kilitungwa kwa ajili ya kibogoyo na sijui kwa nini tunakisubirisha mpaka Ramadhani au harusi. Wakenya mna mukimo, viazi vilivyopondwa na mboga za majani. Kisamvu kinatwangwa tangu mwanzo, kikipikwa muda mrefu na nazi au karanga kinateleza chenyewe (kipikwe kweli, majani mabichi ya muhogo yana sumu). Na mlenda wa Dodoma na Singida ni mkombozi wa mzee mwenye mdomo mkavu, ugali unashuka bila kusukumwa na maji.

Nyama nyingine: nunua ya kusaga kama bajeti inaruhusu, au ikate kukatisha nyuzi, siyo kufuata nyuzi, chemsha mpaka iive zaidi ya unavyoila wewe. Mchuzi uwe mzito. Nyama ya kusaga ikiwa kavu inasambaa mdomoni punje punje na kuingia chini ya meno ya bandia, inauma, kesho anakataa.

Samaki ni rahisi ila miiba. Chambua kwa mkono, siyo kwa macho, pitisha vidole mara mbili.

Dagaa ndo protini ya bei ya chini na hakuna sababu ya kukosa. Toa vichwa na uchafu wa tumboni kama ni wale wanaochacha uchungu, osha mchanga, kausha kwenye kikaango, saga, chekecha. Unga huo weka kwenye chupa kavu, kijiko kikubwa kimoja kinakupa kama gramu 5 za protini na kalisiamu ya kutosha, tia kwenye mchicha, kwenye maharage, kwenye mchuzi wa nyanya. Usitie kwenye uji wa sukari, nimeona watu wanafanya hivyo kwa jina la lishe, mzee akinusa tu anasukuma kikombe. Dagaa wa chumvi waroweke kwanza, wazee wengi wana presha.

Maharage, kunde, choroko: loweka usiku, mwaga maji, chemsha mpaka yapondeke kwa kidole, ponda. Kwa anayesumbuliwa na tumbo yapitishe kwenye chujio uache maganda. Kande na githeri kwa mahindi mazima usimpe, lakini ukitumia mahindi yaliyokobolewa ukayaponda na karanga, anakula na atakukumbuka.

Mayai ni rafiki mkubwa, moja lina kama gramu 6 za protini. La kukoroga na nyanya na maziwa kidogo, liwe laini bado lina unyevu, siyo lile lililokauka mpaka linalia kwenye sahani. La kuchemsha usimpe zima, kiini kikavu kinakwama kooni, liponde na parachichi.

Mboga za majani zikatwe nyembamba sana kabla ya kupika, maana mchicha mrefu unajizungusha na nusu iko kooni nusu iko mdomoni. Ziive ila zisichemshwe kutwa nzima, vitamini C inakwisha. Matunda ndo yanayopotea kabisa kwenye sahani ya kibogoyo, wakati papai, embe bivu, parachichi na ndizi vinahitaji uma tu. Chungwa lisilotafunika likamue. Pera lisage uchuje mbegu. Ubuyu uloweke, una vitamini C nyingi sana, ila usijaze sukari na rangi. Wenye kisukari wape tunda la kuponda badala ya juisi. Na kama mzee choo kinakaza, kabla ya kukimbilia dawa angalia kama kwenye wiki nzima aliona boga, papai, maharage au maji. Mara nyingi jibu liko hapo.

Wali upike uwe laini wenye unyevu kidogo, punje kavu zinatawanyika. Mkate na chapati kavu ni hatari, vinageuka donge linalonata juu ya kaakaa, kama anapenda uchovye kwenye maziwa mpaka ulowe wote.

Blenda sasa. Ukisaga, saga kila kitu peke yake na ukimiminia mchuzi wake au maziwa, usimiminie maji ya bomba maana unaongeza ujazo na kupunguza chakula, tumbo linajaa yeye bado ana njaa. Na usichanganye ugali, mboga, nyama na ndizi ukasaga pamoja ukampa kitu cha rangi ya tope. Wewe ungekula? Weka nyama upande, mboga upande, boga upande, aone rangi, ajue anakula nini, mwambie pia: "babu leo samaki na mchicha". Umeme ukikatika kinu kipo, chujio lipo, uma upo, hakuna kisingizio.

HATUA YA 6: Uji, kama lazima uwepo, uwe uji kweli

Piga hesabu na mimi. Kikombe cha uji mwepesi cha mililita 300 kina unga kama gramu 25, hiyo ni kalori 90 na protini gramu 2. Ongeza vijiko viwili vya chai vya sukari, umefika 130 hivi. Mara tatu kwa siku ni kama 400. Anahitaji 1500. Unaona sasa njaa inatokea wapi, na tumbo limejaa maji.

Kikombe kile kile, nusu ya maji weka maziwa (karibu kalori 90, protini gramu 5), tia kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa laini (kalori 95, protini gramu 4), dondoshea kijiko cha chai cha mafuta (kalori 40). Umetoka 90 ukafika zaidi ya 300 bila sukari, na protini imepanda kutoka 2 mpaka 11. Karanga zichambuliwe moja moja, zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu tupa, na mahindi hivyo hivyo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, siyo hadithi, 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Tatizo jingine: ukiongeza unga uji unakuwa mzito mpaka hanyweki. Dawa yake ni kimea cha ulezi (ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa na kusagwa), bibi zetu walikijua. Pika uji mzito, epua, uache upoe kidogo uwe wa moto lakini hauchemki, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga, subiri kama dakika 10. Utauona unalegea wenyewe huku unga ni ule ule mwingi. Kisha rudisha jikoni uchemke tena ndo umpe. Ukitia kimea wakati unatokota haufanyi kazi, moto unakiua. Na kwa mzee anayepaliwa usifanye hii, yeye anahitaji uzito ule.

Uji wa unga wa lishe wenye vitu 12 sina ugomvi nao sana, ila ukiwa na soya isiyokaangwa vizuri na mahindi na ngano na mchele na kila kitu, mara nyingi unalipia jina. Unga wa dona au ulezi, maziwa na karanga unatosha.

Milo iwe midogo midogo, mitano badala ya mitatu. Saa nne maziwa mgando (kikombe kina kama gramu 8 za protini), saa kumi parachichi au yai. Kutoka chakula cha jioni cha saa 11 mpaka chai ya asubuhi ya saa mbili ni masaa 15 tumbo tupu, kwa mzee aliyekonda hiyo ni saumu, mpe kitu kabla ya kulala.

HATUA YA 7: Namna ya kumlisha

Akae wima kabisa, miguu iguse chini, hata kama ni kitandani muegemeze mito mpaka anyooke, kidevu kiiname kidogo mbele. Wewe kaa mbele yake macho kwa macho, usisimame ukamlisha kutoka juu, akiinua kichwa koo linafunguka njia ya hewa. Kijiko cha chai, siyo cha chakula. Subiri uone koromeo limepanda na kushuka ndo ulete kingine. Usiongee naye maswali wakati mdomo umejaa. Kama anaweza kushika kijiko mwenyewe mwache ashike, atamwaga, utafuta.

Baada ya kula chungulia mashavuni kama kuna chakula kimebaki, wenye kiharusi wanahifadhi upande mmoja bila kujua, na akae wima nusu saa kabla ya kulala.

Akikohoa kila akinywa, sauti ikawa ya majimaji kama mtu anayeongea ana maji kooni, au homa zinamrudia rudia na kifua, hiyo siyo shida ya meno tena, ni ya kumeza, chakula kinaingia mapafuni. Simamisha vitu vyepesi kama chai na supu yenye vipande, apelekwe hospitali.

HATUA YA 8: Usafi wa kinywa, hata kama hakuna jino

"Hana meno atapiga mswaki nini?" Fizi, ulimi, kaakaa. Asiye na jino msafishe kwa kitambaa laini chenye maji au mswaki laini, asubuhi na usiku. Mwenye meno yaliyobaki apige kwa dawa yenye floraidi. Japani walifuatilia nyumba 11 za wazee wakachapisha matokeo 2002: wale waliosafishwa kinywa kila baada ya kula walipata nimonia kidogo kuliko wengine, wakiwemo wasio na meno. Mswaki tu huo, siyo mashine.

Meno ya bandia yatolewe usiku. Huko huko Japani utafiti wa 2015 kwa wazee wa miaka 85 kwenda juu ulikuta wanaolala nayo hatari ya nimonia ni zaidi ya mara mbili. Osha kwa mswaki na sabuni ya vyombo kidogo, siyo dawa ya meno yenye chengachenga inayakwaruza, siyo maji ya moto yanapinda. Weka taulo au maji kwenye beseni chini yake maana yakidondoka sakafuni yamekwisha. Yalale kwenye kikopo chenye maji na jina la mwenyewe. Usiyaoshe ya watu wote kwenye beseni moja! Yakichanganyika mtatumia asubuhi nzima kujaribisha watu meno, na hata yakienea hujui ni ya nani. Na kabla hujatupa tishu za kwenye trei au kupeleka shuka kufuliwa, papasa, wengi wanayafunga humo.

Mzee akikonda, ufizi nao unapungua na meno yale yale yanaanza kucheza, yanasugua, yanaleta kidonda, anayaacha kwenye kikopo, anakonda zaidi. Muulize daktari kuhusu kuyarekebisha upande wa ndani, siyo lazima mapya. Kwa Tanzania, sera ya afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza atibiwe bure vituo vya serikali, kwa hiyo mshirikishe afisa ustawi mapema, makaratasi yakae tayari kabla jino halijauma. Ikishindikana kumpeleka kila mmoja, andika barua hospitali ya wilaya muombe daktari wa meno aje siku moja awaone wote.

HATUA YA 9: Maji, mate na dawa

Mdomo mkavu unaharibu kula kuliko hata kukosa meno, maana mate ndo yanayobeba chakula na kushikilia meno ya bandia. Dawa nyingi za presha, za kukojoza maji, za mafua na mzio, za usingizi na msongo zinakausha. Usimsimamishie dawa mwenyewe, andika majina yote umwonyeshe daktari, pengine mojawapo haina kazi tena. Wakati huo mpe maji vifundo vidogo mchana kutwa. Kwa siku vinywaji kama lita 1.6 kwa mama na lita 2 kwa baba, chai na maziwa na uji vinahesabiwa, ila wenye moyo au figo wafuate kiwango cha daktari. Wengi wanakwepa kunywa kwa kuogopa kwenda chooni usiku, kwa hiyo wape zaidi asubuhi mpaka alasiri. Pipi za kumumunya ili kuleta mate, hapana, zinamaliza meno machache yaliyobaki.

HATUA YA 10: Daftari na lini uite msaada

Kila mlo andika kwa robo: amekula robo, nusu, robo tatu, wote, na kitu gani kimerudi. Neno "vizuri" lifutwe kabisa kwenye daftari. Shifti ya jioni isome ya asubuhi kabla ya kugawa chakula, na mpishi naye alione, kwa sababu ndiye anayejua kesho apike nini.

Apelekwe hospitali bila kusubiri mkutano kama amekula chini ya nusu ya chakula siku tatu mfululizo, hawezi kumeza maji, uso umevimba au ana homa na jino linauma, utando mweupe umejaa mpaka kooni, amechanganyikiwa ghafla, au uzito umeshuka ile asilimia 10. Na kama amekaa zaidi ya siku tano bila kula karibu chochote, usimjaze chakula kwa furaha siku anapokubali kula. Madini ya damuni yanaweza kuporomoka na moyo ukasimama, aanze kidogo kidogo huku daktari anaangalia. Daftari liende naye hospitali, pamoja na kikopo cha meno.